Kompyuta Aliyonichagulia Mama

Kaka yangu alikuwa akisafiri kwenda Dubai kununua bidhaa, kama walivyoanza kufanya vijana wengi wa Temeke miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye pasipoti akajiona tajiri mtarajiwa. Alikuwa akileta friji zilizotumika, feni, redio kaseti, na mara moja maboksi ya viatu ambavyo vingi vilikuwa vya mguu wa kushoto. Jioni moja kabla ya safari alipita nyumbani kwa mama, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeacha gari linanguruma nje.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hiyo kompyuta yako nikuletee ipi? Ya mezani, au laptop?"

Pesa ilikuwa yangu, nimeipata kwa kupiga kinanda kwenye harusi za watu, na nilikuwa nimemkabidhi tangu wiki iliyopita. Nilidhani nimeshaamua. Alipouliza, nikaona sijaamua chochote.

"Ngoja nifikirie," nikasema.

"Unafikiria nini? Moja kubwa, moja ndogo."

"Ngoja, kaka."

Akamwangalia mama. Mama akaendelea kuchambua mchele kwenye sinia, kana kwamba habari za kompyuta ni za nyumba ya jirani.

Nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nilirudi na begi la nguo na kinanda changu cha umeme, ambacho nilikibeba mwenyewe kifuani mpaka chumbani kwa sababu sikumwamini mtu yeyote kukishika. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu. Mume wangu hakuwa na neno na kinanda. Neno alikuwa nalo na saa za kurudi. Tulipoachana nikarudi kikundini, lakini moyo ulikuwa umeshatoka. Kiongozi wetu alikuwa akichukua muziki niliotunga mie, anaupeleka studio, na huko kinanda anapiga mwanamume mwingine. Kaseti ikitoka, jina langu halimo. Nikimuuliza, ananiambia, "Dada, wewe mambo ya studio huyawezi, ni mambo ya mitambo."

Mitambo hiyo nilikuwa nimeshaiona. Niliwahi kuketi nyuma ya fundi wa studio nikamtazama akipiga nota moja moja, na kila nota ikajiandika kwenye kioo cha kompyuta kama kijiti cha rangi. Ukikosea huanzi upya. Unakisukuma kijiti mahali pake. Ngoma, besi, fidla, zote mtu mmoja. Siku ile nilitoka nimejua ninachokitaka. Nilitaka nikae nyumbani, nitengeneze muziki mzima peke yangu, kisha mwimbaji aje aweke sauti aende zake.

Ila hapo kwenye "nikae" ndipo palipokuwa pagumu. Miezi ile sikuweza kukaa. Nikiweka sufuria jikoni nilikuwa natoka barazani kuangalia barabara, na hakuna ninayemngoja. Nilianza kudarizi foronya, nikaiacha na sindano ndani yake. Nilijiandikisha darasa la kupiga taipu kule Kinondoni, nikahudhuria mpaka nikazoea njia, nikaacha. Nikilala nageuka, nikiamka nasikia kama kuna mahali nimechelewa kufika. Mama alikuwa akiniuliza, "Wewe mtoto, umekalia siafu?"

Nyumba yetu nayo haikusaidia. Ilipakana na mashine ya kusaga. Asubuhi wanawake walikuwa wakipanga ndoo zao za mahindi hadi usawa wa dirisha langu, na mashine ikishawashwa ukuta ulitetemeka, taa ya sebuleni ikafifia, na kila mtu ndani ya nyumba akaanza kusema kwa kupayuka. Sie tulizoea. Wageni ndio waliokuwa wakituuliza kwa nini tunagombana.

Kesho yake nikaenda Mikocheni kumwona yule fundi wa studio. Alikuwa kijana wa familia ya Kiarabu iliyokuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mbele baba yake anauza misumari na rangi, nyuma yeye ana chumba alichokizungushia magodoro ukutani ili sauti isitoke. Humo alikuwa akirekodi matangazo ya zile redio mpya za FM, na akitengeneza kompyuta za watu.

"Umeme wenu ukoje?" ndilo swali lake la kwanza.

Nikamweleza habari ya mashine ya kusaga. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Basi wewe laptop ingekufaa. Ina betri yake. Umeme ukikatika, yenyewe wala haina habari."

"Basi nichukue laptop."

"Subiri kwanza, dada." Akavuta kompyuta moja iliyokuwa wazi juu ya meza, akanionyesha matumbo yake. "Unaona nafasi hizi? Hapa unachomeka kadi ya sauti. Kinanda chako kinaingilia huku, kipaza sauti huku, na sauti inatoka safi. Laptop haina nafasi hizi. Kile kitundu chake cha kipaza sauti kinavuma kama mzinga wa nyuki. Na ikizeeka, imezeeka. Hii ikichoka unaifungua, unabadilisha kiungo."

"Kwa hiyo nichukue ya mezani."

"Kama utakaa mahali pamoja," akasema, akageukia kazi yake.

Hakuwa na maana yoyote zaidi ya waya na meza. Lakini nilitoka pale maneno hayo yakinikwaruza. Nilitembea hadi kituoni nikijiambia ya mezani, ya mezani. Nilipofika Buguruni kubadili gari nilikuwa nimeshasema laptop. Jioni nikamwambia kaka aniletee ya mezani. Siku ya safari yake nikamfuata kwake, wifi yangu anamfungia sanduku, nikamwambia hapana, laptop.

"Sikiliza," akasema. "Nikifika nitafanya mambo yangu. Alhamisi, baada ya alasiri, nitapiga simu pale dukani kwa ami. Uwepo. Utanipa neno moja tu, maana siku hiyo hiyo kontena linafungwa. Sawa?"

"Sawa."

"Neno moja."

Ami tuliyemwita hivyo alikuwa mwenye duka la kona, Mwarabu aliyezaliwa mtaa ule ule kama baba yake. Duka lake lilikuwa na simu, na mtaa mzima uliitumia. Yeye mwenyewe alikuwa akitutumia ujumbe: anapiga kelele mlangoni, mtu wa karibu anaupokea na kuupitisha.

Alhamisi ile asubuhi sikuweza kusubiri nyumbani. Nilikuwa na shoga yangu, mwimbaji mwenye sauti nzito ya kuvutia, ambaye siku za wiki alifanya kazi ya ukarani katika hoteli moja Mbezi Beach na Jumamosi akiwaimbia wageni. Aliwahi kuniambia kwamba ofisini kwao kuna laptop ya meneja, na meneja akisafiri ni yeye anayeitumia. Nikajipa sababu: siwezi kuchagua kitu nisichowahi kukishika. Nikaenda.

Akanitolea, tukakaa nayo kwenye kibaraza cha nyuma ambako wafanyakazi walikuwa wakilia chakula. Nikaiweka mapajani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani na ilinichoma kidogo kupitia khanga, na kioo chake ukikiinamisha vibaya maandishi yanapotea. Lakini niliinuka nayo. Nikaenda nayo hadi chini ya mnazi, nikarudi, nikakaa kwenye ngazi, nikahamia kwenye mkeka. Waya hakuna. Shoga yangu akaimba mistari miwili na kile kipaza sauti cha ndani kikamnasa, na tulipomsikiliza, alikuwa mbali kama mtu anayeimba ndani ya pipa, na nyuma yake kuna mvumo, kama fundi alivyosema.

"Mbaya," shoga yangu akasema.

"Mbaya," nikasema, lakini nilikuwa nacheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nirudi kwa mama. "Lakini ona, shoga, mtu unainuka nayo. Unakwenda nayo popote."

"Wewe unataka kwenda wapi?"

Nikamwambia nimeamua, nataka laptop, na nikaondoka hivyo hivyo bila kumaliza chai.

Nilikuwa nimejihesabia muda wa kutosha. Lakini barabara ya Bagamoyo ilikuwa na gari kubwa lililopinduka, na Buguruni mvua ikanikuta, watu wakajazana chini ya vibanda, magari yakapita yamejaa. Nikaanza kutembea, viatu mkononi. Nilipofika dukani kwa ami, alikuwa anafunga upande mmoja wa mlango.

"Shikamoo, ami. Kaka amepiga?"

"Marahaba. Amepiga zamani. Mama yako ameongea naye."

Mama alikuwa sebuleni, ameshaoga, amejifunga khanga safi.

"Mama, kaka amesemaje?"

"Hajambo. Anasema huko joto."

"Umemwambiaje kuhusu kompyuta?"

"Nimemwambia akuletee ile kubwa."

Nilibaki nimesimama mlangoni, maji yananichuruzika. "Nani kakwambia nataka kubwa?"

"Aliuliza ipi, wewe haupo, mtu anataka neno moja. Nikampa."

Nilirudi mbio kwa ami nikamwomba tupige sie. Akapiga namba aliyoiacha kaka, akapiga tena. Simu ililia huko ng'ambo bila kupokelewa. Ami akaweka chini mkono wa simu taratibu. "Mwanangu," akasema, "ikishatoka, imetoka." Nikarudi nyumbani, nikaingia chumbani, na sikula.

Niliamini nimejua kwa nini. Mama aliogopa nisije nikaondoka tena. Mtu mwenye kitu kizito hahami ovyo, ndivyo nilivyomsoma, na nikamkasirikia kimya kimya wiki zote ambazo kontena lilikuwa baharini na nyingine zote lilipokuwa bandarini. Nilimjibu kwa heshima, nikamsaidia kazi, lakini maneno yangu yalikuwa makavu, na yeye aliyaona.

Kompyuta ilikuja juu ya mkokoteni, imefungwa kwa magodoro ya kaka. Kioo chake kilikuwa kikubwa kama televisheni, na kisanduku kilihitaji watu wawili kukiingiza ndani. Chumbani kwangu hakikuenea. Meza pekee iliyokistahimili ilikuwa ya sebuleni. Mama akatandika kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, kisha kioo kikawekwa juu yake. Watoto wa mtaani wakajaa dirishani kuuliza picha inaanza saa ngapi.

Fundi wa Mikocheni alikuja kuchomeka kadi ya sauti, na akaleta stebilaiza, lile sanduku zito la kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Mashine ya kusaga ilipowashwa, stebilaiza ikatoa mlio, "tak, tak," kama mtu anayesonya, lakini kioo hakikuzimika. Nilipochomeka kinanda na kupiga sauti ya kwanza, ilitoka kwenye spika mbili safi kabisa, bila mvumo. Fundi akanitazama kuona nimefurahi. Nikamwambia, "Inafaa."

Kazi ya kinanda ilipita kwenye waya, kwa hiyo kelele za mashine hazikuidhuru. Sauti ya mtu ndiyo iliyokuwa tabu. Tukagundua kwamba Ijumaa mwenye mashine alikuwa akifunga kwenda kuswali na harudi hadi alasiri. Shoga yangu akaomba ruhusa kazini, akaja Ijumaa. Nilikuwa nimetengeneza muziki wa wimbo wa kumsifu bwana harusi, mwendo wa kuchezeka, fidla zinaitikia. Tulifunga madirisha, tukatundika mablanketi mlangoni, sebule ikawa tanuri. Alirudia mara nyingi, jasho likimtoka, mpaka ikaja ile mara moja ambayo alipomaliza tukajua ndiyo yenyewe.

Nilinyoosha mkono kuihifadhi. Umeme ukakatika.

Haukuwa umefifia. Ulikatika kabisa, mtaa mzima. Kioo kikawa cheusi, nikasikia kitu ndani ya kisanduku kinazunguka polepole mpaka kikanyamaza. Shoga yangu akauliza, "Ipo?" Nikajua haipo.

Nilitoka nje hadi uani. Mama alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikamsimamia juu.

"Mama, ile ndogo ina betri. Ingekuwa ndogo, wimbo ungekuwepo. Umenichagulia kitu nisichokitaka, kwa sababu unataka nikae hapa kama kitanda."

Akaacha kukuna. Sikuwahi kumpandishia sauti mama yangu, na mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hata majirani walisikia.

"Nani anataka ukae?" akasema. "Nenda unakotaka, mwanangu. Hata leo nenda. Mie nilijua ile ndogo utaingia nayo chumbani, utafunga mlango, utavaa hivyo vidude vyako vya masikioni, na mie nitakaa huku sisikii kitu. Umepiga kinanda tangu mdogo. Ukaolewa, ukapiga huko, kwenye kumbi za watu, mie sikwenda, ni usiku. Kaseti zilipotoka wakaniambia siye wewe unayepiga. Sijawahi kukusikia vizuri. Nikasema, kubwa itakaa sebuleni, nitasikia."

Akachukua kizio kingine cha nazi akaanza kukuna. Nikachuchumaa, nikaanza kukusanya vifuu vilivyotawanyika, ingawa hakuna aliyevihitaji. Shoga yangu alikuwa mlangoni, ameshika shela yake, akatuambia, "Basi mie Ijumaa ijayo nitakuja tena."

Alikuja. Tulirekodi tena, na safari hii nilihifadhi kila ubeti ulipokwisha. Haikuwa nzuri kama ile iliyopotea, au labda ndivyo nilivyoamua kuikumbuka. Mama alikuwa ndani ya sebule, tulimruhusu akae kwa sharti la kutokohoa. Tulipoisikiliza, alifumba macho mpaka mwisho.

"Hapo katikati," akasema, "fidla zinamziba."

Nilijitetea. Nikamweleza habari za mtindo wa kisasa. Kisha nikasikiliza tena, na kweli zilikuwa zinamziba. Nikapunguza.

Wimbo ule ulipigwa kwenye harusi moja Temeke, halafu nyingine, kisha watu wakaanza kuuliza umetengenezwa wapi. Wakaja waimbaji wengine, kina mama wa vikundi, vijana wenye kofia waliotaka midundo ya kufoka, na wote walipita sebuleni kwa mama, wakamwamkia, wakasubiri mashine ya kusaga inyamaze. Yeye aliwapa chai na maoni yake, hata kwa wale wa kufoka. "Wewe unakimbia," alimwambia mmoja, "nani anakufukuza?" Kaseti zilipotoka, jina langu lilikuwemo, dogo, chini kabisa, na mama alimwomba ami amsomee.

Ningependa kusema kwamba hapo nilitulia. Sikutulia. Kazi zilivyoongezeka ndivyo zile Ijumaa zilivyozidi kutonitosha, na bado nilikuwa natoka barazani kuangalia barabara. Baada ya mvua kubwa za mwaka ule, fundi wa Mikocheni akaniambia kuna chumba nyuma ya duka la baba yake, kina ukuta mnene, kimya, naweza kufanya kazi na kulala humo. Nilimwambia mama nikiwa nimegeukia pembeni.

"Kuna dirisha?" akauliza.

"Lipo."

"Basi."

Tulihama kwa pikapu ya kaka. Mama alisisitiza kuja, akakaa mbele, amekipakata kile kioo kikubwa na kitambaa chake cheupe, akimkemea kaka kwa kila shimo la barabara. Tulipokifunga kila kitu alikaa kwenye kiti, nikampigia muziki niliokuwa naufanyia kazi, akasikiliza, akasema mzuri, ila huku kumepoa mno. Kisha akataka kurudishwa kabla ya magharibi.

Nilibaki peke yangu na ukimya niliouomba miaka yote. Nilipiga nota chache, nikainuka kufungua dirisha, nikalifunga, nikahamisha meza, nikairudisha. Kesho yake asubuhi, badala ya kuanza kazi, nilipanda gari hadi Temeke.

Mama alikuwa uani anafua. Aliniangalia toka kichwani hadi miguuni.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu."

Alinipa chai na kipande cha mkate wa kumimina, nikala nimesimama, nimeegemea nguzo, yeye akaendelea kufua na kunisimulia habari za posa ya jirani. Saa nne nikamuaga. Nilikuwa na mwimbaji ananisubiri Mikocheni, na huyo hakuwa mtu wa kuvumilia kuchelewa.